MTI WA UKOO KATIKA KOMPYUTA: MCHORO UNAOTUFUNDISHA URITHI

Katika vijiji vyetu vingi wamo wazee wawezao kutaja nasaba yao bila kusita, fulani bin fulani bin fulani, hata kufikia kizazi cha saba au cha nane. Kumbukumbu hiyo ni hazina kubwa. Hata hivyo, msikilizaji makini atatambua jambo moja: orodha ya mzee aghalabu hufuata upande mmoja tu. Kwa Wachagga na Wahaya, ukoo huhesabiwa kwa baba. Kwa Waluguru na Wamakonde, kwa desturi, huhesabiwa kwa mama. Yule aliyeingia katika ukoo kwa ndoa hutajwa mara moja, na wazazi wake hawatajwi kabisa.

Kwa mambo ya mirathi, mashamba na matambiko, utaratibu huo uliwafaa wahenga. Lakini urithi wa mwili haufuati upande mmoja. Kila mtoto hupokea kromosomu 23 kutoka kwa baba na 23 kutoka kwa mama. Kwa hiyo orodha ya upande mmoja, hata ikiwa ndefu na sahihi namna gani, huficha nusu ya habari. Kuficha huko kuna madhara. Katika nyumba ambamo watoto wanaugua na kufa mmoja baada ya mwingine, mara nyingi lawama humwangukia mama, kwamba ndiye aliyeleta damu mbaya, au humwangukia jirani, kwamba ni mchawi.

Katika makala haya tutaeleza jinsi mwanafunzi wa shule ya sekondari awezavyo kuchora mti wa ukoo wenye pande zote mbili kwa kutumia programu za kompyuta zisizolipiwa, na jinsi mchoro huo unavyoweza kujibu swali zito kuliko lile la nani alimzaa nani. Mfano wetu utakuwa ugonjwa wa selimundu, ambao wengine huuita sikoseli.

Ugonjwa unaosomeka katika nasaba

Selimundu ni ugonjwa wa himoglobini, yaani ile protini iliyomo katika chembe nyekundu za damu ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni. Kila mtu ana jeni mbili zinazohusika hapa, moja kutoka kwa kila mzazi. Jeni ya kawaida tutaiita A, na ile yenye kasoro tutaiita S. Mwenye AA hana kasoro. Mwenye AS ni mbebaji: kwa kawaida ni mzima, wala hajui kuwa anabeba. Mwenye SS ni mgonjwa: chembe zake nyekundu, zinapokosa oksijeni, hujipinda kama mundu, hukwama katika mishipa midogo na kuvunjika mapema. Matokeo yake ni maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu, na udhaifu mbele ya maambukizi.

Ugonjwa huu ulielezwa kitabibu kwa mara ya kwanza na daktari James Herrick wa Chicago mwaka 1910. Jinsi unavyorithiwa haikufahamika vema mpaka mwaka 1949, na ufunguo ulikuwa nasaba za watu. James Neel wa Marekani alipima damu za wazazi wa wagonjwa, akaona kwamba wazazi wote wawili ni wabebaji. Wakati huo huo daktari E. A. Beet, aliyefanya kazi katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia, alifikia hitimisho kama hilo kwa kuchunguza familia za Kiafrika.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake katika historia hii. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona mwaka 1949 kwamba wabebaji walikuwa wengi katika pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alitangaza maelezo yake: mbebaji hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu jeni S imeendelea kuwako kwa wingi mahali penye malaria. Mpaka leo Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Inakadiriwa kuwa hufikia 11,000 kila mwaka.

Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa SS, nafasi 2 kati ya 4 ya kuwa AS, na nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa AA. Mwanafunzi asidhani kwamba maana yake ni kuwa katika watoto wanne lazima mmoja augue. Nafasi ya kila mtoto kutougua ni 3/4. Kwa hiyo nafasi ya watoto wote wanne kutougua ni 3/4 × 3/4 × 3/4 × 3/4, yaani 81/256, karibu 32 kwa mia. Familia moja kati ya tatu za namna hiyo haitaona mgonjwa hata mmoja katika watoto wanne. Ndiyo maana mzee aweza kuapa kwa moyo safi kwamba kwao ugonjwa huu haukuwahi kuwako, na kumbe jeni ilikuwa ikipita kimya kimya kizazi baada ya kizazi.

Alama za mchoro

Wataalamu wa urithi hutumia alama chache tu. Mraba ni mwanamume; duara ni mwanamke. Mstari wa mlalo unaounganisha mraba na duara ni ndoa, na mstari unaoshuka kutoka hapo huelekea kwa watoto. Mgonjwa hutiwa rangi nzima. Mbebaji aliyethibitishwa kwa kipimo hutiwa rangi nusu. Aliyefariki hukatwa kwa mstari wa mshazari. Iwapo mume na mke ni ndugu wa damu, mstari wa ndoa huchorwa mara mbili. Kila kizazi huwa na safu yake, wakubwa juu na wadogo chini.

Kuuliza kabla ya kuandika

Kompyuta haijui lolote ila lile iliyoelezwa. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kwanza kwa daftari na kalamu, mbele ya wazee, na hapa lugha yetu yenyewe inadai uangalifu. Kwa Mswahili, ndugu wa kiume wa baba ni baba pia: baba mkubwa au baba mdogo. Dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo, na watoto wao huitwa kaka na dada. Huo ni utaratibu wa heshima na malezi mema. Lakini ukiandika kila aitwaye baba kuwa ndiye mzazi, mchoro utakuwa na makosa tangu safu ya kwanza.

Mwulize mzee kwa adabu: "Shikamoo bibi. Naomba unisaidie: huyu tumwitaye baba mkubwa, na babu yangu, walizaliwa na mama mmoja?" Pambanua ndugu wa tumbo moja na ndugu wa baba mmoja. Pambanua mtoto wa kuzaliwa na mtoto wa kulelewa. Wote ni watoto wa nyumba, lakini alama zao katika mchoro wa urithi si moja. Waulizie pia watoto waliofariki wakiwa wachanga, ambao aghalabu hawatajwi mpaka mtu aulize. Na likiwa ni jambo la uchungu, usimsukume mzee.

Mpe kila mtu namba yake. Desturi ya kumpa mjukuu jina la babu ni nzuri, lakini huleta Salumu watatu katika ukoo mmoja. Wewe waweza kuwatambua kwa sura. Kompyuta itawaona kuwa ni mtu mmoja.

Baada ya hayo, utashangaa jinsi mahitaji ya kompyuta yalivyo machache. Kwa kila mtu yatosha kuandika namba yake, jina, jinsia, namba ya baba na namba ya mama. Babu, shangazi, mjomba, binamu, mpwa, kitukuu na kilembwe, wote hupatikana kwa kuunganisha habari hizo. Mjomba ni nani, kama si mwanamume aliyezaliwa na wazazi wa mama? Tena nafasi iliyoachwa wazi katika safu ya mama ni ukumbusho wa swali ambalo hatujauliza.

Programu mbili zisizolipiwa

Programu ya kwanza ni Gramps. Ilianza kutengenezwa mwaka 2001, na hutunzwa na watu wanaojitolea. Hailipiwi, na ikishapakuliwa kutoka katika intaneti huweza kutumika bila mtandao, jambo ambalo ni faraja kwa shule ambayo mtandao wake hukatika mara kwa mara. Mtumiaji hujaza fomu za watu na za familia, kisha huagiza mchoro: wa kushuka kutoka kwa babu mmoja hadi vitukuu, au wa kupanda kutoka kwa mtoto mmoja hadi wazazi wa babu na bibi zake wote, au ule wenye umbo la kipepeo cha kupungia upepo. Kwa somo la urithi, mchoro wa kupanda ndio wa kuanza nao, kwa maana hautoi upendeleo kwa upande wowote.

Gramps husoma pia majalada yaliyoandikwa kwa kanuni ya GEDCOM, iliyoanzishwa mwaka 1984 ili programu mbalimbali za nasaba ziweze kupashana habari. Katika kanuni hiyo kila familia ina nafasi ya mume mmoja na mke mmoja. Mzee mwenye wake watatu huandikwa katika familia tatu, na namba yake ni ile ile. Mwanafunzi asiyelijua hili huwaweka watoto wote chini ya mama mmoja, na hapo urithi huvurugika.

Programu ya pili ni Graphviz, iliyotoka katika maabara za kampuni ya simu ya AT&T ya Marekani. Hii haikutungwa kwa ajili ya koo pekee. Huchora mambo yoyote yanayounganishwa na mishale. Zipo kurasa za intaneti ambazo humruhusu mtu kuandika maelezo upande mmoja na kuona mchoro upande wa pili papo hapo, bila kulipa. Mfano wa maelezo hayo ni huu:

digraph ukoo {
  Baba [shape=box];
  Mama [shape=circle];
  N1 [shape=point];
  Kaka [shape=box];
  Dada [shape=circle, style=filled];
  Baba -> N1;
  Mama -> N1;
  N1 -> Kaka;
  N1 -> Dada;
}

Maneno ya Kiingereza yameachwa kama yalivyo, kwa kuwa programu haielewi mengine. Mstari wa kwanza hufungua mchoro na kuupa jina. Mistari mitano inayofuata hutaja umbo la kila alama: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, nukta kwa ndoa, na rangi kwa mgonjwa. Mistari yenye mishale huunganisha. Angalia kwamba watoto hawatoki kwa Baba peke yake wala kwa Mama peke yake. Hutoka katika nukta N1, ambamo wazazi wawili wamekutana.

Kompyuta hupangaje safu?

Mchoro wa watu 6 waweza kuchorwa vizuri kwa mkono. Ukifika watu 60, mistari hukatizana hata jicho likapotea. Ukiwa na watu 10 tu katika safu moja, waweza kuwapanga kwa namna 3,628,800, na kila namna hukatizisha mistari kwa idadi yake. Safu zikiwa nyingi, hata kompyuta haiwezi kujaribu namna zote.

Mwaka 1981 Kozo Sugiyama na wenzake wa Japani walitangaza njia ambayo msingi wake hutumiwa mpaka leo, hata katika Graphviz. Kwanza kila alama hupewa safu yake, ili mishale yote ielekee chini. Kisha kompyuta hupita safu kwa safu, ikimsogeza kila mtu karibu na katikati ya wale anaounganishwa nao katika safu iliyotangulia. Hushuka hivyo hadi chini, hupanda tena juu, hushuka tena, na kila mara makutano ya mistari huelekea kupungua. Mwisho hupima nafasi na kuchora. Njia hii haihakikishi mpango bora kuliko yote. Hutoa mpango mzuri wa kutosha kwa muda mfupi.

Mti ambao si mti

Twauita mti wa ukoo, lakini hesabu inatukanusha. Una wazazi 2, babu na bibi 4, na katika kizazi kilicho juu yao 8. Ukiendelea kuzidisha kwa 2, katika kizazi cha 10 utapata 1,024. Cha 20, 1,048,576. Cha 30, 1,073,741,824. Kizazi kimoja kikiwa miaka 25, vizazi 30 ni miaka 750; na katika zama hizo dunia nzima haikuwa na watu hata nusu ya idadi hiyo. Basi ni lazima mtu mmoja atokee katika mistari mingi. Matawi hukutana tena, na mti huwa wavu.

Katika jamii ambamo binamu huoana, matawi hukutana mapema. Mtoto wa mabinamu wa kwanza ana wazazi wa babu na bibi 6 badala ya 8. Tuseme mmoja wa babu na bibi ambao mabinamu hao wanachangia ni AS. Nafasi ya kila binamu kuirithi S hiyo ni 1/4. Wote wawili, 1/16. Na mtoto wao kuwa SS kwa njia hiyo, 1/64. Sasa tuchukue eneo ambalo mtu 1 kati ya 5 ni mbebaji. Wasio na udugu wowote wakioana huko, nafasi ya wote wawili kuwa wabebaji ni 1/25, na ya mtoto wao kuwa SS ni 1/100. Mabinamu wa eneo hilo wana hatari zote mbili. Hesabu hii yaonya pande mbili: udugu huongeza hatari, lakini kuoa mbali hakuiondoi. Kinachojulisha ni kipimo cha damu.

Kuusoma mchoro

Sasa tutazame familia ya kubuni. Baba na mama wana watoto wanne, na wa tatu, ambaye ni binti, amethibitishwa hospitalini kuwa SS. Jamaa wa baba wanasema ugonjwa umekuja na mke, na nasaba yao waijuayo kwa moyo haina mgonjwa hata mmoja. Mwanafunzi akichora kwa kuifuata nasaba hiyo, mchoro utawaunga mkono.

Lakini akijaza nafasi zote, mambo hubadilika. Baba alikuwa na dada aliyeolewa wilaya nyingine. Watoto wawili wa shangazi huyo walifariki wakiwa wadogo, baada ya kuugua maumivu ya viungo mara kwa mara. Nasaba ya ukoo haikuwataja, kwa kuwa kwa desturi watoto wa shangazi ni wa ukoo wa baba yao. Vifo hivyo si ushahidi kamili, maana watoto wadogo hufa kwa maradhi mengi. Ushahidi ulio imara zaidi ni kanuni yenyewe: binti mwenye SS amepokea S moja kutoka kwa mama na S nyingine kutoka kwa baba. Baba naye aliipokea kwa mmoja wa wazazi wake. Mama hakuleta ugonjwa. Wazazi wawili walikutana, kila mmoja akiwa mzima, kila mmoja akibeba nusu.

Hapo mchoro huacha kuwa pambo. Hutuonyesha nani apimwe: watoto watatu waliobaki, ndugu wa baba na ndugu wa mama, na hasa vijana wao wanaokaribia kuoa au kuolewa. Tena hutuonyesha mtoto gani atakayezaliwa apimwe mapema, kwa kuwa selimundu ikigunduliwa utotoni, kinga dhidi ya maambukizi na dawa kama hydroxyurea humpunguzia mtoto mateso na kurefusha maisha yake.

Tahadhari kwa walimu

Mwalimu asiwaagize wanafunzi kuleta darasani majibu ya vipimo vya damu vya familia zao. Kwanza, ugonjwa wa mtu ni siri yake. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na Kenya ilikuwa na sheria yake tangu mwaka 2019; habari za afya zinalindwa kwa namna ya pekee. Pili, mchoro wa urithi huweza kufichua kwamba baba wa mlezi si baba wa mzazi, na jambo hilo si la kutangazwa ubaoni. Kwa somo la selimundu, tumieni familia ya kubuni. Kwa nasaba za kweli, andikeni majina na vizazi tu, kwa ridhaa ya wenyewe, na msiweke katika kurasa za intaneti majina wala tarehe za kuzaliwa za watu walio hai.

Zoezi

1. Chora kwa mkono mti wako wa kupanda hadi wazazi wa babu na bibi zako, watu 8 katika safu ya juu. Hesabu nafasi zilizo wazi upande wa baba na upande wa mama. Upande upi una nafasi wazi zaidi, na kwa nini?

2. Andika familia ya kubuni iliyo katika makala haya kwa maelezo ya Graphviz, pamoja na shangazi, mumewe na watoto wao. Thibitisha kwamba kila mtoto anatoka katika nukta ya ndoa.

3. Mume ni AS na mke ni AA. Je, waweza kupata mtoto mwenye SS? Eleza kwa mchoro.

4. Wazazi wote wawili ni AS, na wana watoto 6. Kokotoa nafasi ya watoto wote kutougua.

Ndugu msomaji, usingoje kompyuta ipatikane. Programu zitaendelea kuwako mwaka ujao na baada yake. Bibi ajuaye majina ya wazazi wa mama yako huenda asiwepo. Nenda kwake na daftari, na uanze na upande ule usioujua.